Slaidi ya malaria: kabla ya kulaumu macho ya msomaji, angalia tone

Mkuu, umeuliza inakuwaje damu ya mgonjwa mmoja, siku ileile, maabara moja iandike "hakuna vimelea" na nyingine ivione. Wengi hukimbilia kulaumu msomaji. Mimi ningeanza na utengenezaji wa slaidi.

Spiriti ikauke kidoleni kabla ya kuchoma, maana ikichanganyika na damu hupasua chembe. Tone la kwanza futa kwa pamba kavu. Tone nene, la kutafutia vimelea, linataka mikrolita 6 hivi, duara la milimita 12. Utando mwembamba, yaani damu iliyotandazwa, mikrolita 2 zinatosha. Weka slaidi mbichi juu ya gazeti: herufi zisomeke kwa tabu kupitia tone nene. Likizidi unene, hubanduka wakati wa kuosha. Likiwa jepesi mno, utamaliza nyanja zako zote (maeneo unayoyaona kwa hadubini moja baada ya jingine) huku umepitia damu kiduchu.

Hapa ndipo wengi huharibu: kukausha na kukaza (kuishikiza damu kwenye kioo, mfano kwa methanoli). Slaidi ilale bapa, ikauke hewani, mbali na jua na moto. Tone nene halikazwi kwa methanoli hata kidogo, kwa sababu maji yaliyomo kwenye rangi ndiyo yanayopasua chembe nyekundu na kutoa hemoglobini, vikabaki vimelea na chembe nyeupe. Joto nalo hulikaza tone vilevile kama methanoli, kisha unabaki na doa jekundu lisilosomeka. Utando mwembamba ndio unaokazwa, sekunde chache tu. Kama vyote viko slaidi moja, iinamishe utando ukiwa chini na tone likiwa juu, methanoli isilifikie.

Rangi ya Giemsa, inayoonyesha vimelea, ichanganywe na bafa (maji yenye kiwango cha asidi kisichobadilika) ya pH 7.2. Asilimia 10, yaani mililita 1 ya rangi kwa 9 za bafa, huchukua dakika 10 hadi 15. Asilimia 3 huchukua dakika 45 hadi 60 na hutoa picha safi zaidi kama huna haraka. Changanya ya kutumia muda huo, inayobaki mwaga. Bafa ya 6.8 waachie wanaosoma damu kwa mambo mengine. Kwa malaria hufifisha kromatini (kiini cha kimelea), na madoa yanayomtambulisha vivax, aina mojawapo ya vimelea vya malaria, hayaonekani. Ukimaliza, usiimwage rangi kwa kuinamisha slaidi. Ielee kwanza kwa maji yanayotiririka polepole, la sivyo ukoko ulioelea juu ya rangi utatua kwenye damu na kukuletea "vimelea" visivyokuwepo.

Kwenye hadubini tumia lenzi ya 100 yenye mafuta. Huandiki "hakuna" kabla ya nyanja 100. Anayeishia 20 anabahatisha. Kimelea kiwe na kromatini nyekundu na saitoplazimu (mwili unaozunguka kiini) ya buluu, vyote viwili. Chembe sahani hazina mgawanyo huo, na chenga za rangi hung'aa ukizungusha fokasi.

Alama za wingi wa vimelea, + hadi ++++, sizipendi, ni makadirio mapana mno kufuatilia tiba. Hesabu dhidi ya chembe nyeupe 200. Vimelea vikiwa chini ya 100, endelea hadi chembe 500. Kisha zidisha idadi ya vimelea kwa 8,000 (makadirio ya chembe nyeupe kwa mikrolita ya damu), ugawe kwa chembe nyeupe ulizohesabu. Vimelea 150 kwa chembe 200 ni 6,000 kwa mikrolita. Gametosaiti, vimelea vya hatua ya uzazi, zihesabu kando.

Hata slaidi nzuri inaweza kukosa. Falciparum, aina nyingine ya kimelea cha malaria, akikomaa hujibanza kwenye mishipa midogo ya ndani, hivyo damu ya kidoleni hubeba pete changa (vimelea vichanga vyenye umbo la pete) tu, wakati mwingine chache mno. Dalili zikiendelea, rudia kila baada ya saa 12 hadi 24, mpaka slaidi tatu. Na kama kipimo cha haraka kinachotafuta HRP2, protini ya falciparum, kimesoma chanya huku slaidi ikiwa safi, muulize mgonjwa kwanza kama alimeza dawa wiki chache zilizopita: protini hiyo hubaki kwenye damu baada ya vimelea kufa.