Modemu ya Kebo Kutoka Ng'ambo

SWALI: Ndugu Mhariri, kaka yangu amerudi kutoka Marekani na kuniletea modemu ya kebo. Nimeiunga kwenye waya wa dishi la televisheni, lakini intaneti haipatikani. Tatizo ni nini?
Msomaji, Nkuhungu, Dodoma

JIBU: Ndugu msomaji, kwanza ichomoe na usome kibandiko cha adapta yake, kwa maana ikiwa imeandikwa volti 120 pekee, umeme wetu wa volti 230 utaiunguza.

Waya wako, wenye uzi wa shaba katikati, plastiki nyeupe na wavu wa chuma juu yake, unafanana kweli na ule wa intaneti ya kebo, yaani intaneti inayoletwa nyumbani kwa waya wa kampuni ya televisheni, na ndiyo maana wengi hudhani kazi yake ni ileile. Hata hivyo, dishi hupokea tu matangazo ya setilaiti, ilhali modemu ya kebo hutuma na kupokea, nayo ni lazima ikute upande wa pili mtambo wa kampuni unaoitambua kwa namba yake na kuipangia zamu ya kutuma, kwa kuwa nyumba nyingi za mtaa hutumia waya mmoja. Utaratibu huo huitwa DOCSIS, na toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 1997.

Modemu hiyo haifai kwa faiba pia, kwani faiba hupitisha mwanga, nayo ina kifaa chake. Uliza kwanza kama faiba imefika mtaani kwako. Kama bado, nunua ruta inayotumia laini ya simu ya mkononi.