Kwanza viza, kisha tiketi: majibu kwa wanaotaka kwenda ClarinetFest

Tangu nitaje hapa kwamba nimewahi kuhudhuria ClarinetFest, barua hazikatiki. Kwa asiyeufahamu: huo ni mkutano wa kila mwaka wa Chama cha Kimataifa cha Klarineti, kilichoanzishwa 1973. Ni siku tano hivi za matamasha, madarasa na mashindano, pamoja na ukumbi mkubwa ambako watengenezaji wa ala wanakuachia ujaribu chochote mezani. Barua zilizofanana nimeziunganisha. Na mliouita "mkutano wa zumari", nawasamehe kwa leo tu. Zumari ina ridi mbili (vile vipande vyembamba vya tete vinavyotetemeka ukipuliza) zinazobanana mdomoni. Klarineti ina moja.

Shikamoo mwalimu. Napiga klarineti kwenye bendi ya kanisa letu. Mkutano huu uko mji gani, na nianze kujiandaa lini? (Moshi)

Marahaba mwanangu. Hauna mji wake, unahama. Miaka mingi huwa Marekani, halafu mara moja moja unavuka bahari: Tokyo 2005, Porto 2009, Assisi 2013, Madrid 2015, Ostend kule Ubelgiji 2018, Dublin 2024. Mwaka 2025 ulirudi Marekani, mjini Fort Worth, Texas. Afrika bado haujafika.

Kujiandaa anza siku mji unapotangazwa, maana kwa sisi wenye pasipoti za huku mji ndio unaoamua kila kitu. Mkutano huwa katikati ya mwaka, Julai au Agosti, na ukitaka kupanda jukwaani maombi kwa kawaida huitishwa mwaka uliotangulia. Angalia pasipoti yako ina uhai wa kutosha, angalau miezi sita baada ya siku ya kurudi. Kisha jiunge na chama, kwa sababu mwanachama hulipa kiingilio pungufu na mwanafunzi hulipa pungufu zaidi. Tiketi ya ndege ije mwisho. Karibu wote walioniandikia wakilia walikuwa wameanza na tiketi.

Nina barua ya mwaliko kutoka kwa waandaaji. Inatosha kupata viza? (Nairobi)

Haitoshi, kaka. Barua inaeleza unakwenda kufanya nini. Afisa wa viza anachotaka kujua ni kitu gani kitakurudisha nyumbani: kazi, shule, familia, shamba, bendi inayokusubiri Septemba. Peleka ushahidi wa hayo, na taarifa ya benki isiyo na fedha zilizoingia ghafla wiki iliyopita. Hilo la mwisho wanaliona haraka kuliko tunavyodhani.

Kwa Marekani, ada ya msingi ya viza ya matembezi ni dola 185 na hairudishwi hata ukinyimwa. Foleni ya usaili inaweza kula miezi, kwa hiyo tafuta tarehe ya usaili kabla hata hujajua utapiga wimbo gani. Tena tangu 2025 masharti kwa nchi zetu yamebadilikabadilika. Waombaji wa baadhi ya nchi za Afrika wamewekewa hata dhamana ya dola 5,000 hadi 15,000. Usitegemee alichokwambia mtu aliyekwenda mwaka juzi, nami nikiwemo. Soma tovuti ya ubalozi siku ile ile unayojaza fomu.

Ulaya ina mtego wake. Dublin ilipotangazwa, mwenzangu mmoja alifurahi sana kwa sababu alikuwa na viza ya Schengen, ile ya pamoja ya nchi nyingi za Ulaya, bado mbichi. Dublin iko Ireland, na Ireland haimo Schengen. Viza ya Schengen haikuingizi Dublin, na ya Uingereza vilevile haimsaidii Mkenya wala Mtanzania. Ireland ina viza yake, yuro 60 kwa kuingia mara moja, na maombi hupokelewa kuanzia miezi mitatu kabla ya safari. Mwenzangu aligundua zikiwa zimebaki wiki tatu. Tamasha la kufunga alilifuatilia kwa picha za simu.

Na ukienda huko, kwepa kubadilisha ndege London kama unaweza, maana hata kupita tu pale mara nyingi kunatudai viza nyingine. Pitia Doha, Dubai au Istanbul.

Mwalimu, nasikia mpingo umewekewa vikwazo vya kimataifa. Klarineti yangu ni ya mpingo. Si wataninyang'anya uwanja wa ndege? (Lindi)

Swali hili kuja kutoka Lindi limenifurahisha, kwa sababu huenda mti uliotoa klarineti yako ulikatwa mwendo wa pikipiki kutoka kwako, ukaenda Ulaya, ukatobolewa, ukapigwa vyuma, ukarudi kwako kwa bei ya kiwanja. Klarineti za kitaalamu duniani karibu zote ni mpingo, Dalbergia melanoxylon, na magogo yake hutoka zaidi Tanzania na Msumbiji.

Mambo yalikwenda hivi. Miti ya jamii ya Dalbergia ilikuwa ikivunwa hovyo kwa ajili ya samani, hasa kwa soko la Asia, na mkaguzi bandarini hawezi kutofautisha ubao wa aina moja na wa nyingine kwa macho. Kwa hiyo nchi wanachama wa CITES, mkataba wa kimataifa wa kudhibiti biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, waliamua kuiweka jamii nzima kwenye Kiambatisho cha Pili, orodha ya vile ambavyo biashara yake huhitaji kibali, kuanzia Januari 2, 2017. Mpingo ukaingia humo pamoja na ndugu zake. Watengenezaji na wauza ala walipata tabu kubwa kwa karibu miaka mitatu, makasha yakikaa forodhani yakisubiri vibali. Hata wakati huo, msafiri mwenye ala yake mwenyewe isiyo ya kuuza hakuhitaji kibali, mradi mbao isizidi kilo 10, na klarineti haifiki hata kilo moja. Kisha, kuanzia Novemba 26, 2019, ala za muziki zilizokamilika, vipuri vyake na vifaa vyake viliondolewa kabisa kwenye sharti la kibali cha CITES.

Kwa hiyo nenda na klarineti yako. Kinachobaki na vibali ni gogo, mbao, na vile vipande vya mraba ambavyo havijachongwa. Naandika hili kwa sababu kijana mmoja aliniuliza kama anaweza kubeba vipande vinne vya mpingo begini akawauzie mafundi kule. Hapana, mwanangu, huo ni usafirishaji wa mbao bila kibali, na sheria zetu za misitu zitakukamata kabla hata CITES haijaamka. Mpingo wa kufaa kuvunwa huchukua miaka 70 na zaidi kukua. Wanaouuza kwa utaratibu wapo, na baadhi ya vijiji vya Kilwa vilipata cheti cha FSC, shirika la kimataifa linalothibitisha kuwa msitu unavunwa kwa utaratibu, kwa misitu yao tangu 2009.

Hofia zaidi klarineti ya kizamani yenye pete za pembe za ndovu. Hiyo iache nyumbani.

Niibebe mkononi au niipeleke kwenye mizigo? (Mombasa)

Mkononi, dada. Tumboni mwa ndege kuna baridi, kuna kurushwa, na kuna kupotea. Kasha la klarineti moja, hata la mbili, linaingia kwenye kabati la juu ya viti bila shida. Kwa ndege za Marekani tena una sheria upande wako: ilipitishwa 2012, kanuni zake zikaanza kutumika Machi 2015, na inalitaka shirika likubali ala ndogo ndani ya ndege mradi kuna nafasi wakati unapopanda. Maneno muhimu ni hayo ya mwisho. Ukipanda wa mwisho, kabati zimejaa, na sheria haikusaidii. Mimi niliwahi kubishana mlangoni na mhudumu wa shirika moja, nisilitaje, hadi nikatoa kipande cha juu nikakishika mkononi kama mtoto, kasha likaenda chini na vipande vilivyobaki. Siku hizi nafika kwenye foleni mapema.

Kisu cha kukwangulia ridi na bisibisi viende kwenye mzigo mkubwa. Wengi hunyang'anywa kisu, wakabaki wiki nzima wanaazima cha jirani. Piga picha namba iliyochongwa kwenye klarineti yako, ihifadhi pamoja na risiti. Ukirudi, afisa wa forodha akiuliza kama umeinunua huko, utakuwa na cha kumwonyesha.

Klarineti yangu ni mpya. Nitaizuiaje isipasuke? (Dar es Salaam)

Hapa nina kovu. ClarinetFest ya Denver, Marekani, 2023. Nilitoka Dar ambako hewa ina unyevu hadi shati halikauki, nikakaa saa nyingi ndani ya ndege ambako hewa ni kavu kuliko jangwa, nikatua kwenye mji ulio mita 1,600 juu ya bahari na ukavu wake mwenyewe. Asubuhi nikafungua kasha, nikasikia kitu kikicheza. Pete ya chuma ya kipande cha juu ilikuwa ikizunguka yenyewe, kama pete kwenye kidole cha mtu aliyekonda. Mbao ilikuwa imenywea. Mtu mwenye akili angefunga kasha. Mimi nilikuwa na hamu, nikapuliza. Ndani ya nusu saa nikaona mstari mwembamba kama unywele, unaanzia kwenye tundu moja dogo la juu unashuka.

Ukumbini kulikuwa na mafundi. Mmoja akaigeuza kwenye taa, akadondosha gundi ile inayoshika papo hapo, akachukua kichupa cha dawa kilichojaa vumbi jeusi, akanyunyiza, akasugua kwa msasa laini mpaka mstari ukapotea. Nikamuuliza lile ni vumbi la nini. La mpingo, akasema, huwa analikusanya anapochonga. Nimesafiri kutoka Dar hadi Denver kwenda kuzibwa ufa kwa vumbi la Lindi!

Kwa hiyo wewe mwenye ala mpya: weka ndani ya kasha pakiti za kudhibiti unyevu, zile zinazouzwa kwa ajili ya ala za mbao. Wazee walitumia ganda la chungwa, nalo linafanya kazi, ila ukilisahau linaota ukungu. Ukifika, liache kasha limefungwa masaa kadhaa lizoee chumba, na usiliweke mbele ya kiyoyozi. Kabla ya kupuliza, weka kipande cha juu kwapani dakika chache kipate joto la mwili, maana kinachopasua ni hewa yako ya moto kuingia kwenye mbao iliyo baridi nje. Siku mbili za kwanza dakika kumi, kumi na tano, basi. Pete ikianza kucheza, acha kupiga, tafuta fundi.

Ridi nazo hubadilika. Kwenye miinuko wengi hushuka nusu namba, yaani hutumia ridi laini kidogo. Mtu wa Nairobi mwinuko ameuzoea, ukavu wa Denver hajauzoea.

Ninayo ya plastiki tu. Nikienda nayo si nitachekwa? (Muscat)

Nani akucheke? Nusu ya waliokuwa Denver waliitamani yako. Plastiki haipasuki, na kwa joto la Muscat na viyoyozi vyenu ningekushauri uwe nayo hata kama ungekuwa na ya mbao. Kuna pia ya katikati: Buffet Crampon tangu miaka ya 1990 wanatengeneza Greenline, unga wa mpingo uliochanganywa na nyuzi za kaboni, nayo haipasuki. Bei yake lakini ni ya mbao.

Mimi hupiga klarineti kwenye matarumbeta ya harusi, noti nasoma kwa kubabaisha. Kuna nafasi yangu huko? (Temeke)

Ipo. Kuna kwaya ya klarineti ya wahudhuriaji, watu wengi kutoka nchi mbalimbali, na sehemu za sauti za chini hazina mambo mengi. Jifunze kusoma sehemu moja vizuri kabla ya kwenda. Halafu kaa nao baada ya mazoezi, uwapigie kile unachopiga kwenye msafara wa bwana harusi ukiwa umening'inia nyuma ya gari. Nimeona maprofesa wakitoa simu warekodi.

Malazi na usafiri wa huko vinakula kiasi gani? (Kampala, na wengine wanne)

Bei sitawapa, zinapanda kila mwaka. Waandaaji hupatana na hoteli bei maalumu, na vyumba hivyo huisha mapema, kwa hiyo weka nafasi inayoweza kufutwa hata kabla ya viza, kisha tafuta mtu wa kugawana naye chumba. Mkutano ukiwa chuo kikuu, uliza mabweni, kwani wanafunzi wako likizo. Na chunguza treni kabla ya teksi. Pale Fort Worth, treni ya TEXRail inatoka ndani ya uwanja wa ndege wa Dallas Fort Worth hadi katikati ya mji kwa dola chache tu. Teksi ingekula hela ya chakula cha siku mbili.

Niwapelekee zawadi gani mafundi wa kule? Nafikiria kinyago cha Kimakonde. (Mtwara)

Wazo zuri, mama, maana ni mpingo ule ule wanaouchonga kutwa nzima, na wengi wao hawajawahi kuuona ukiwa kitu kingine zaidi ya bomba. Bidhaa zilizokamilika zisizozidi kilo 10 za mbao hazihitaji kibali cha CITES. Chagua kidogo, kisicho na magome wala tundu la mdudu, na risiti ya mchongaji iwe mfukoni, siyo kwenye begi utakalolikabidhi.