Kwa nini kile kimraba cha chupa ya chanjo hakirudi rangi yake ya mwanzo?

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Nilipompeleka mwanangu kliniki kwa matone ya polio, muuguzi aliigeuza chupa, akakitazama kimraba kwenye lebo, ndipo akamdondoshea. Alisema kimraba kikishakolea, chupa hutupwa hata ikirudishwa kwenye friji. Mbona kikombe changu cha chai hubadilika rangi kwa moto na kikipoa kinarudi? – Mama wa watoto wawili, Ifakara.

JIBU: Marahaba, mama. Vitu hivyo viwili havina undugu. Kikombe chako kimepakwa vidonge visivyoonekana kwa macho, ndani mna rangi, asidi dhaifu na kitu kama mafuta. Mafuta yakiganda, rangi na asidi hushikana, rangi ikaonekana. Chai ikiyayeyusha, zinaachana, rangi inapotea. Ni ndoa ya kuachana na kurudiana kila asubuhi.

Kimraba, kinachoonyesha joto lililoipata chupa, kina molekuli ndogo za kemikali iitwayo diasetilini, zimepangwa sambamba kama njiti za kiberiti kwenye kasha. Zikiwa hivyo hazina rangi. Joto huzitikisa, zilizo jirani hufungua kifungo kimojawapo na kuungana, nyingine zikafuata, hadi ukawa mnyororo mrefu, yaani polima. Katika mnyororo huo elektroni, chembe ndogo za umeme, hazitulii mahali pamoja, hutembea kufuata mnyororo, na hapo ndipo polima inapoanza kunyonya mwanga na kuonekana zambarau. Viungo hivyo friji haivikati. Baridi ya nyuzi 2 hadi 8 hupunguza mwendo tu. Kimraba cha matone ya polio hufika mwisho, yaani hulingana rangi na duara linalokizunguka, kwa saa 48 katika nyuzi 37. Chanjo zinazostahimili joto hupewa cha siku 14 au 30.

Mwaka 1999, kabla sijasomea ualimu, nilikuwa nabeba chanjo kwa baiskeli. Ijumaa moja nilisahau kisanduku chini ya meza, nikakikumbuka Jumanne, barafu yote maji. Nikakimbilia friji. Muuguzi mkuu hakunifokea. Alizipanga chupa mezani moja moja, lebo zikinitazama: kimraba na duara linalokizunguka rangi moja. Zote jalalani.

Lakini kimraba hakijui kuganda, mama. Chanjo ya pepopunda ikiganda huharibika na kimraba kikabaki na rangi yake hafifu ya mwanzo. Ndiyo maana utamwona muuguzi akiitikisa chupa na kuiangalia kwenye mwanga.