Impreza yenye turbo kubwa na kipimo cha moshi: langu lilifeli mara mbili, ya tatu likapita

Ndugu, umeuliza kama Subaru Impreza STI ya 2006 yenye turbo kubwa (feni inayoshindilia hewa ndani ya injini), injekta kubwa (zile zinazopulizia petroli) na bomba lisilo na katalitiki (kifaa cha kusafisha moshi) inaweza kupita kipimo cha moshi bila kurudishwa ilivyotoka kiwandani. Ukasema pia kwamba fundi wako amekushauri umwage spiriti kwenye tangi asubuhi ya ukaguzi, au uazime katalitiki ya gari jingine kwa siku moja. Inaweza kupita, na nguvu zote zikabaki. Langu lilipita. Lakini lilifeli mara mbili kwanza, na yale niliyojifunza hapo katikati naomba uyasome kabla hujatoa shilingi mfukoni.

Langu ni la mwaka huohuo wa lako. Injini ya kwanza iligonga beringi nikipanda kutoka Naivasha, nikaivuta hadi Nairobi kwa gari la kukokota, nikatafuta injini nyingine, aina ya EJ207, iliyoshushwa kutoka Japani. Sasa, namba ya injini ikibadilika, logibuku lazima irekebishwe NTSA, mamlaka ya usafiri, na gari likaguliwe. Kwa hiyo nilikuwa napeleka kukaguliwa gari lenye injini mpya, turbo kubwa kuliko ya kiwandani, injekta za cc 1,000, na bomba la inchi 3 lililonyooka kutoka kwenye turbo hadi nyuma. Mkaguzi alipoingiza kipimo kwenye egzosi, kaboni monoksidi (gesi ya sumu) ilisoma asilimia 4.1 na hidrokaboni (petroli isiyoungua) sehemu 680 kwa milioni, gari likiwa limesimama tu linanguruma. Hakuhitaji hata kunieleza. Pale nyuma macho yalikuwa yanawasha.

Nilifanya kosa ambalo naona unataka kulifanya. Nilisema shida ni katalitiki, basi ninunue katalitiki. Nikatafuta ile ya michezo, ya chuma, yenye matundu 200 kwa inchi ya mraba, nikaichomelea kwenye bomba, nikarudi kituoni wiki hiyohiyo. Kaboni monoksidi ikashuka hadi 1.9. Nikafeli tena. Mwezi mmoja baadaye gari likaanza kukosa pumzi kwenye mlima, tukafungua bomba, tukakuta uso wa ile katalitiki umeanza kuyeyuka. Petroli isiyoungua ndani ya injini ilikuwa inakwenda kuungulia mle ndani, na joto lake likaimaliza. Pesa ile ilinichukua miezi minne kuikusanya.

Katalitiki humalizia usafi, haiwezi kuuanza. Madini yake, yaani platini, paladi na rodi, hufanya kazi vizuri katika mlango mwembamba sana: pale ambapo kila gramu moja ya petroli inapata gramu 14.7 za hewa. Hapo kaboni monoksidi na petroli mbichi hugeuka kuwa kaboni dioksidi na maji, na oksidi za naitrojeni hugeuka kuwa naitrojeni ya kawaida. Mafuta yakizidi, oksijeni ya kuunguzia inakosekana, na hata ukifunga katalitiki tatu mfululizo hazitakusaidia.

Aliyenitoa gizani ni mzee mmoja mwenye gereji upande wa Enterprise Road. Ana mashine ya kupima gesi nne, na kwa maoni yangu kifaa hicho kina thamani kuliko vikombe vyote vya mashindano vinavyopangwa kwenye magereji ya vijana wetu. Nilipofika nikaanza kumweleza habari za turbo, akanikatiza: "Kijana, hapa turbo haipulizi. Gari linapimwa limesimama. Niambie linakula nini likiwa limesimama."

Sentensi hiyo ilinifungua macho, na ndiyo sababu nasema nguvu zako zitabaki. Kipimo hufanyika mara mbili: mguu ukiwa nje ya akseleta, kisha injini ikishikiliwa kwenye mizunguko kama 2,500 kwa dakika bila mzigo. Katika hali zote mbili turbo haisukumi chochote. Kule juu, ukikanyaga mpaka sakafuni, injini ya turbo inahitaji mafuta ya ziada ili isijipike, na aliyekutyunia gari hakukosea kuyaongeza. Lakini sehemu ya chini ya programu ya kompyuta ya gari ni eneo jingine kabisa, na inaweza kuwekwa 14.7 kwa 1 barabara bila kugusa hata farasi mmoja wa kule juu. Gari langu lilikuwa limetyuniwa kule juu tu. Huku chini, ambako mimi na wewe tunakaa kila siku kwenye foleni ya Mombasa Road, hakuna aliyepaangalia.

Injekta ndizo zilizokuwa na lawama kubwa. Injekta kubwa ikiombwa tone dogo inapata shida: inafunguka kwa muda mfupi mno, na muda wenyewe wa kufunguka hubadilika na volti za betri. Usipoipa kompyuta ya gari takwimu sahihi za injekta hizo hasa, kwa kila kiwango cha volti, itakuwa inakisia. Langu lilikuwa na takwimu za injekta za aina nyingine, zilizonakiliwa kutoka gari la mtu. Pia bomba la kuingizia hewa lilikuwa pana kuliko la kiwandani na sensa ya hewa haikuwa imesawazishwa upya, hivyo kila hesabu iliyofuata ilianzia kwenye uongo. Na ile valvu niliyoipenda, inayopiga mluzi unapobadilisha gia, ilikuwa inamwaga nje hewa ambayo kompyuta imeshaihesabu, kwa hiyo kila mluzi ulifuatwa na funda la petroli iliyozidi. Nilirudisha ile inayorejesha hewa ndani. Sauti naikumbuka mpaka leo, sikatai.

Nikufundishe kidogo kusoma namba, kwa sababu zitakuokoa kubahatisha. Kaboni monoksidi ikiwa juu na oksijeni chini, mafuta yamezidi. Hidrokaboni ikiwa juu, oksijeni nayo juu, na kaboni monoksidi iko chini, kuna silinda inamisi: petroli inaingia na kutoka bila kuungua, tazama plagi na koili. Kaboni dioksidi ikikaribia asilimia 14 au 15, injini inaunguza vizuri. Langu, baada ya kurekebisha programu, likaanza kutoa picha ya ajabu: kaboni monoksidi bado juu kidogo, na oksijeni nayo juu. Vitu hivyo viwili kwa kawaida havikai pamoja.

Mzee akasema kuna tundu. Akapuliza moshi ndani ya egzosi, na moshi ukachungulia kwenye maungio ya bomba linalopanda kwenda kwenye turbo, gasketi imepasuka na bolti moja imelegea. Tundu lililo kabla ya sensa ya oksijeni ni adui mbaya. Gesi hutoka kwa mapigo, na kati ya pigo na pigo hewa ya nje hunyonywa ndani. Sensa inaona oksijeni nyingi, inaiambia kompyuta kwamba mafuta hayatoshi, kompyuta inaongeza. Unaweza kubadilisha sensa mara tano na tatizo likabaki, kumbe dawa ni gasketi na bolti moja. Kwa injini hizi za Subaru, anzia hapo, kabla ya kitu kingine chochote.

Sasa spiriti. Alkoholi ina oksijeni ndani yake, kwa hiyo enzi za kabureta iliweza kweli kupunguza kaboni monoksidi. Gari lako lina sensa ya oksijeni na kompyuta. Ukiongeza spiriti, sensa inaona, kompyuta inaongeza mafuta kufidia, na mmerudi palepale. Kama sensa imekufa kiasi kwamba haioni, basi hilo ndilo tatizo la kutengeneza. Kuhusu kuazima katalitiki, sitaficha ninavyoona: ni kumdanganya mkaguzi asubuhi na kuwapulizia watu sumu kuanzia mchana. Halafu ikifungwa kwenye gari linalomwaga petroli kama langu lilivyokuwa, utamrudishia mwenzako kipande kilichoyeyuka. Vilevile kile kidude cha kuisogeza sensa ya nyuma ili taa ya injini isiwake kinaidanganya taa peke yake. Mashine ya gesi inanusa bomba moja kwa moja.

Jambo jingine nimelisikia tangu nianze kupenda magari haya: kwamba petroli yetu inaua katalitiki, hivyo ni heri itolewe mapema. Risasi iliondolewa kwenye petroli ya Kenya kufikia 2006. Salfa nayo ilishushwa baadaye. Hoja hiyo ilikuwa na nguvu zamani, leo haina. Kinachoua katalitiki Nairobi leo ni injini inayokula oili, injini inayomisi, na spana ya fundi. Fundi akikuambia atakutolea katalitiki bure, fahamu kwamba yale madini yana bei na wanunuzi wake wapo. Mwambie kipande chako kikae kwenye buti.

Kwa malengo ya namba, mimi nilichukua vipimo vya Uingereza kwa magari ya petroli ya miaka hiyo, kwa sababu ni vikali na vinaeleweka: gari likiwa limesimama, kaboni monoksidi isizidi asilimia 0.3, kwenye mizunguko 2,500 hadi 3,000 isizidi 0.2, hidrokaboni isizidi 200, na lamda (uwiano wa hewa na petroli, ambapo 14.7 kwa 1 husomeka 1.00) iwe kati ya 0.97 na 1.03. Ukizipata hizo huna haja ya kumwogopa mtu. Mhimize tu anayekutyunia afanye kazi hiyo hapahapa. Tuko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, hewa yetu ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa karibu asilimia 15, na programu iliyopikwa pwani au Japani inahitaji kuangaliwa upya, hasa kama umeondoa sensa ya hewa na kutegemea ile ya shinikizo.

Nilinunua katalitiki ya pili mwisho kabisa, baada ya namba kukaa vizuri bila yoyote. Ni ya aina ileile ya matundu 200. Nikikanyaga kwenye Southern Bypass, sioni tofauti na nilipokuwa na bomba tupu, ila turbo inaamka kwa kuchelewa kiasi ambacho lazima nikitafute ndipo nikihisi.

Kuna sababu nimeandika kwa kirefu hivi. Dada yangu ana kibanda cha nguo Jogoo Road, mita chache kutoka mahali matatu zinaposimama. Jioni anapopangusa uso kwa kitambaa cheupe, kitambaa kinatoka kijivu. Kwa miaka miwili nilikuwa nampitia na Impreza yangu ili nimbebe nyumbani, nikiliacha likinguruma pale mbele ya kibanda huku anafunga vitu vyake, na akiingia anafungua dirisha kwa sababu ya harufu. Hakuwahi kulalamika. Nilipoona ile 4.1 kwenye karatasi ndipo nilipofikiria amevuta kiasi gani kwa sababu yangu. Gari hili tunalipenda kwa heshima kubwa. Tangu dereva Colin McRae aliposhinda Safari Rally ya 1997 na Impreza, watoto wa mji huu wamekua wakilichora kwenye madaftari. Silipendi pungufu kwa kuwa sasa ni safi. Nalipenda zaidi.

Siku ya ukaguzi yenyewe ina mambo yake. Badilisha oili siku mbili kabla, kwa sababu oili iliyokaa na petroli hutoa mvuke unaonyonywa kurudi kwenye injini na kupandisha namba. Hakikisha betri ina chaji. Asubuhi endesha angalau nusu saa bila kubembeleza. Mimi nilikwenda hadi Ruiru na kurudi. Katalitiki haianzi kufanya kazi mpaka ifike nyuzi kama 250 hadi 300 za Selsiasi, na ya chuma iliyo mbali na injini hupoa haraka. Kwenye foleni usizime gari. Magari mawili yakibaki mbele yako, lishikilie kwenye mizunguko 2,500 kwa dakika mbili au tatu.

Langu mara ya tatu lilisoma kaboni monoksidi 0.14, hidrokaboni 61, lamda 1.00. Mkaguzi alilizunguka, akainama kutazama upana wa bomba la nyuma, akatazama tena karatasi, akarudia kipimo. Namba hazikubadilika.

Ukishapita kwa yule mwenye mashine ya gesi, andika hapa namba zako zote nne, za kusimama na za 2,500, tuziangalie pamoja kabla hujaenda kituoni.