Mzazi mwenzako akigoma mtoto asisafiri: yaliyonikuta

Dada wa Manchester, umeuliza kama baba wa mwanao anaweza kweli kukuitia polisi ukimpeleka mtoto wa miaka 6 kwa bibi yake Moshi. Hakutishii nyau. Kwa sheria ya England ya 1984, kumtoa nchini mtoto wa chini ya miaka 16 bila ridhaa ya kila mwenye wajibu wa mzazi juu yake ni jinai. Ukiwa na amri ya mahakama kwamba mtoto anaishi kwako, unaruhusiwa safari ya chini ya mwezi mmoja. Huna amri? Basi tafuta ridhaa, tena ya maandishi.

Binti yangu alizaliwa Ujerumani. Tukaachana hukohuko, mahakama ikapanga siku za kumuona baba yake, kisha kwa makubaliano nikahamia naye Reading, England. Nikajua nikishavuka bahari ile karatasi ya Kijerumani imekufa. Wapi! Ujerumani na Uingereza zote zimo kwenye Mkataba wa Hague wa 1996 kuhusu wajibu wa wazazi na ulinzi wa watoto. Amri ya nchi moja inatambuliwa nyingine bila kesi kuanza upya, na wajibu wa baba haufutiki eti mtoto kahama. Mahakama ya Reading ilikuwa na uwezo wa kuibadilisha kwa sababu makazi ya kawaida ya mtoto yalikuwa yameshahamia huku: anakosoma, anakotibiwa, waliko rafiki zake. Uraia wala haukutuchukulia muda.

Kasheshe ilianza nilipotaka kwenda naye Tanga likizo ya Agosti: baba yake akagoma, nikaomba ruhusa mahakamani. Tanzania haimo kwenye mkataba huo, wala ule wa 1980 wa kuwarudisha watoto waliochukuliwa. Kenya vilevile. Nisingerudi, mzazi mwenzangu angelazimika kuanza kesi mpya Tanga, ugenini, kwa lugha asiyoijua. Nilikuwa nimenuna, lakini hapo nilimwelewa.

Hakimu naye akauliza hilohilo: usiporudi? Kuapa peke yake hakukutosha. Ikabidi wakili wa Tanga aandike maelezo ya sheria yetu, na maelezo yenyewe nusura yaniponze, maana Sheria ya Ndoa ya 1971 inaanza na dhana kwamba mtoto wa chini ya miaka 7 anafaa kukaa na mama, yaani nisingerudi, mahakama ya huko ingeelekea kuniachia mimi. Dhana hiyo inaweza kupingwa, ila mwanangu alikuwa na miaka 5, na wakili wa baba mtu aliisoma ile aya mara mbili, polepole. Mwisho nikaweka fedha za dhamana, nikaonyesha tiketi ya kurudi na anwani ya mama yangu, nikakubali simu ya video kila Jumapili.

Uwanja wa ndege afisa aliinama akamuuliza mtoto mimi ni nani. "Mama," akajibu, kisha akaongeza bila kuulizwa: "Tunaenda kwa bibi halafu tunarudi shule." Afisa akacheka, lakini amri akaisoma hadi ukurasa wa mwisho.

Mimi nilipeleka maombi Februari nikasafiri Agosti. Wewe unasema Desemba. Kama tiketi hujailipia, usiilipie kwanza. Mwandikie baba mtoto leo, kwa adabu, utaje tarehe ya kwenda, ya kurudi na nyumba mtakayofikia, na jibu lake ulitunze hata kama ni matusi.