Re: Kompyuta za ofisi zinagomea Windows 11

Salaam mkuu. Kompyuta za ofisi yenu ya forodha hapo Tanga zinagoma kutoka Windows 10 kwenda 11, na bosi anataka zote ziuzwe. Asubiri kwanza.

Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika tpm.msc. Ikisema TPM (chipu ya usalama ambayo Windows 11 inaidai) haipatikani, ingia BIOS (mipangilio inayofunguliwa kabla Windows haijawaka) uiwashe: kwenye Intel inaitwa PTT, kwenye AMD fTPM. Nyingi nilizofungua mimi zilikuwa nayo, imezimwa tu.

Halafu angalia prosesa, yaani chipu kuu ya kompyuta. Ukiona i5-6500, hiyo 6 ndiyo kizazi. Intel chini ya cha 8 karibu zote zinakataliwa. Hizo ziuzeni, maana usaidizi wa Windows 10 ulikoma 14 Oktoba 2025.

Programu yenu ya uhasibu siijui, muulizeni aliyewauzia kabla hamjagusa kitu.