Simba wa Animal Orphanage na waya usoni

Pole dada, hiyo uliyouliza, ya picha ya simba kutoka na waya usoni, inawapata wengi pale Animal Orphanage, kituo cha wanyama yatima cha Lang'ata, Nairobi, na shida si simu yako. Ukisimama mbali simu inafokasi wavu, mnyama anabaki ukungu. Penye wavu unaofikika bila kuvuka kizuizi, weka lenzi katikati ya tundu moja kabisa, gusa uso wa mnyama kwenye skrini, halafu ngoja asogee mbali na waya, akiwa ameuegemea hata kamera ya bei haikusaidii. Penye kizuizi zumu tu, na tafuta wavu ulio kivulini maana uliopigwa na jua unang'aa mweupe. Flashi zima. Nenda asubuhi, mchana duma amelala utapiga mgongo.

Mkono usipenyeze hata kidogo. Na chakula chako kifiche, tumbili wanaozurura nje wasikione, mmoja akikuuma au kukukwaruza osha kidonda na sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 na uende hospitali siku hiyo hiyo, kichaa cha mbwa si mchezo. Kama picha ni za biashara, ongea na KWS (shirika la wanyamapori Kenya) kwanza kuhusu kibali.